Watu Wanakula Bata Kwenye Barafu, Ila Mcheki Farasi wa Kwenye Kona

Wadau, leo mastaa wetu tuwaweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee picha ya miaka 400 iliyopita, maana ina somo kuliko posti nyingi za wiki hii.

Kaichora Mholanzi mmoja, Hendrick Avercamp, mwaka 1608 hivi. Iko kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Enzi hizo baridi ya Ulaya ilikuwa kali kuliko ya sasa, maji yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Basi watu wote wametoka nje, mamia kwa mamia! Kuna waliopiga pamba za maana, wanateleza wawili wawili. Kuna wanaocheza kolf, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo. Kuna walioanguka chini. Tajiri na kapuku, barafu moja.

Ukiiona kwenye simu unasema hawa watu walikuwa wanakula bata balaa.

Sasa ikuze. Kona ya chini kushoto kuna mzoga wa farasi aliyekufa kwa baridi, mbwa na kunguru wanautafuna. Tafuta vizuri utaona mtu anakojoa, mwingine makalio nje, na wapenzi wawili wanafanya yao. Na humo humo kwenye umati kuna watu hawapo pale kwa raha. Wako kazini, maana njaa haina likizo.

Mimi nasema hapo Avercamp katuzidi. Jamaa alikuwa bubu, walimwita Bubu wa Kampen, mji alioishi. Hakusema neno, lakini hakuficha kitu. Sisi ile kona ya farasi tungeikata kabla ya kuposti.

Na ndicho wanachofanya tunaowafuata, majina sitaji. Wanatuonesha barafu tu: safari, gari, pete ya uchumba. Farasi kakatwa. Halafu kuna dada yuko kitandani saa saba usiku anajilinganisha na kipande cha picha. Kesho yake anakopa kwenye simu ili na yeye aonekane. Deni linabaki, laiki zinaisha.

Najua mtaniambia kila mtu ana haki ya kuficha shida zake. Kweli kabisa, sijasema uanike msiba wako mtandaoni. Naongea na wewe unayetazama: kabla hujajiona umechelewa maisha, jua kuna kona hujaoneshwa.

Kingine, kuwepo kwa farasi hakujaharibu raha ya wale watu. Wameanguka, wameinuka, wanaendelea kuteleza. Raha yao ni ya kweli, na baridi yao ni ya kweli. Maisha yako pia yanaruhusiwa kuwa hivyo.

Itafute hiyo picha uicheki vizuri, halafu niambie hapo chini: wewe macho yako yaliona nini kwanza?