Msiiuze Runinga Ile kwa Kilo

Wahenga hawakukosea walipotuusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nimeikumbuka methali hii muhula huu, wenzangu, kwa sababu ya gumzo lililozuka bwenini kuhusu ile runinga kuukuu iliyo katika stoo yetu. Nyote mnaijua: miguu minne, sanduku la mbao, milango miwili ya kufungwa kwa kufuli kama kabati la sukari. Kuna wanaosema iuzwe kwa mwenye mizani anayepita na mkokoteni, pesa zinunue mpira. Mimi nasema hasha! Isiuzwe. Tena sisi wenyewe ndio tuifufue.

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kwa miaka na mikaka kituo kilikuwa kimoja tu, Sauti ya Kenya, kilichogeuzwa jina kuwa KBC mwaka 1989. KTN ilikuja 1990. Ndugu zetu wa Tanzania Bara walingoja hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa wamewatangulia kwa miaka ishirini hivi, tena kwa picha za rangi! Huku kwetu wengi walitazama nyeusi na nyeupe. Aliyetamani rangi alinunua kipande cha plastiki chenye buluu juu na kijani chini, akakibandika mbele ya kioo. Mtangazaji akawa na nywele za buluu na shingo ya kijani. Mnacheka, lakini jirani walikuja kutoka mbali kumtazama.

Kwa babu yangu upande wa Chwele, Bungoma, stima haikuwapo. Runinga ilikula betri ya gari. Betri hiyo ilifungwa kwenye karia ya baiskeli, ikapelekwa sokoni kuchajiwa, ikarudi kwa uangalifu kama mgonjwa, ili Vitimbi na Vioja Mahakamani visikatike katikati. Watoto sakafuni, wazee vitini, waliochelewa dirishani. Mjomba husimulia hadi leo siku ile Kameruni ilipoilaza Argentina 1-0, Juni 8, 1990. Ati picha ilikuwa chenga tupu na kijana mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa antena huku akiuliza, "Imeshika? Imeshika?" Bao lenyewe hawakuliona sawasawa. Nduru walipiga vilevile.

Basi kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015 mitambo ya analojia ikazimwa nchini, na runinga hizi zikapofuka zote. Hapo ndipo watu walipoanza kuzitoa nje. Lakini kupofuka si kufa, jameni! Nyingine zinahitaji king'amuzi tu. Zile za kale zaidi, zisizo na tundu la waya wa picha ila la antena, hupitishiwa kwenye deki ya video ya zamani, ambayo huyageuza yale ya king'amuzi kuwa mawimbi wanayoyaelewa wazee hawa.

Na zilizokufa kweli je? Mafundi wazee wa mjini Kitale watakwambia kuwa mara nyingi mgonjwa ni kapasita iliyokauka kwa uzee. Inatolewa, nyingine inalehemiwa mahali pake. Sauti ikiwapo na picha imekuwa mstari mmoja wa mlalo, fundi hahangaiki na sanduku zima. Anajua ni sehemu ipi inayoitandaza picha juu na chini. Ujuzi huu hauko katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Umo vichwani mwa watu wenye mvi, na vijana wanaojifunza kwao siku hizi wanajifunza simu. Sisi Chama cha Kiswahili tuna hasara nyingine hapo: mafundi hawa wana lugha yao nzima ya kazi, "picha inaruka", "kioo kimechoka", "imekula laini", na hakuna aliyeiandika.

Wapo watakaoniambia ni hatari. Ni kweli, na sitaki mtu aniambie sikusema. Ndani ya runinga hizi mna volti 10,000 na zaidi, na umeme huo huweza kubaki katika tyubu hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo hakuna mwanafunzi atakayeufungua mfuniko wa nyuma bila fundi na mwalimu wa fizikia kuwapo. Lakini hebu niulize: yule wa mkokoteni anaifanyia nini? Huipasua tyubu kwa jiwe apate shaba iliyozungushwa shingoni mwake. Kioo, ambacho kina madini ya risasi, hubaki mtaroni wanapocheza watoto. Hilo si hatari?

Wengine wanasema kuhifadhi vikorokoro ni starehe ya matajiri. Waende wakaitazame Makumbusho ya hapa Kitale. Chanzo chake ni mtu mmoja, Stoneham, aliyekuwa akikusanya wadudu na wanyama huku wengine wakihesabu magunia ya mahindi. Jengo la makumbusho likafunguliwa 1974. Kama kipepeo alistahili sindano na kijisanduku, kwani runinga iliyokusanya kijiji kizima inastahili jiwe?

Ninachoomba ni hiki. Stoo isifunguliwe kwa wanunuzi kabla ya chama chetu kukutana na kile cha sayansi. Tumwalike fundi mmoja mzee, tumlipe chai na nauli, aipime mbele yetu, nasi tuandike kila neno atakalolitumia. Akisema haiponi, tuipeleke makumbusho kuuliza kama wataipokea ilivyo. Mkutano ni wiki ya pili ya muhula ujao, saa kumi, chumba cha fizikia. Mwenye bisbisi aje nayo, na aliye na deki ya video nyumbani amwulize mama kabla hajaibeba.