Dhahabu ya mtoni ndiyo iliyonisomesha

Nimepotea wiki mbili, lawama zipelekeni kwenye testi zilizofuatana kama mabehewa. Bumu nalo limechelewa kama kawaida yake, kwa hiyo juzi usiku tulikuwa kwa mama ntilie tunakula wali maharage wa mkopo na kubishana. Mada ikawa wachimbaji wadogo wa mtoni. Jamaa mmoja anayesoma mambo ya mazingira akasema, "Hao ni wa kufukuzwa tu, wanaua mito." Meza nzima ikaitikia. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza huko kumeninyima usingizi.

Ukweli ni huu: ada yangu ya sekondari ilitoka mtoni. Mjomba wangu anachenjua dhahabu Chunya, kwenye vijito vya mto Lupa. Na dhahabu ya Lupa si habari ya jana. Imejulikana tangu mwaka 1922, na miaka ya 1930 kulikuwa na rashi kubwa, watu wa kila rangi wakichekecha mchanga wa mito ile. Kwa hiyo anayedhani mjomba kavamia kitu kipya, akasome historia kwanza.

Kwa msiojua inavyofanyika: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Mto wenyewe umeshafanya kazi ya mashine. Mwamba ulisagika zamani, maji yakabeba vyepesi na kuacha vizito nyuma ya mawe makubwa, kwenye kona za ndani na chini kabisa juu ya mwamba. Mjomba anarudia kazi hiyo hiyo. Anamwaga kokoto kwenye mwalo, yaani mbao za mteremko zilizotandikwa magunia, maji yanapita, dhahabu inanasa. Kisha anaosha magunia na kuzungusha kilichobaki kwenye karai mpaka unauona mchanga mweusi na vipunje vinavyong'aa. Hata Tunduru, rubi na safaya zilizovuta umati miaka ya 1990 zilitoka kwenye kokoto za mito.

Mpaka hapo hakuna sumu, wandugu. Matope tu.

Balaa linaanza na dhahabu laini kama unga, isiyookoteka kwa mkono. Hapo inaingia zebaki. Mjomba anaikanda na ule mchanga mweusi kwa mikono mitupu, anakamua kwenye kitambaa, anapata donge jeupe. Donge linawekwa juu ya mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Nilipokuwa kidato cha pili, kila likizo mimi ndiye niliyepepea jiko. Jiko lile lile la ugali, mlango umefungwa majirani wasione. Nilikuwa naona fahari, eti nimeaminiwa.

Mvuke ule hauna rangi wala harufu, na unashambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Usipovutwa na mtu unarudi chini, unaingia kwenye tope la mto, vijidudu vinaugeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wanaila, sisi tunakula samaki. Japani waliyaona Minamata, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956. Kule ilikuwa taka ya kiwanda, lakini zebaki ni zebaki. Na maji ya Lupa yanaelekea bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kinachoingia, kimeingia.

Sasa, tuwafukuze? Yule jamaa ana haki kwa nusu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kuharibu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na naiunga mkono. Siwezi kumtetea mjomba kwa sababu tu alinilipia ada. Akina mama wa chini ya mto wanachota maji yenye tope lake.

Lakini ukimfukuza leo, kesho yuko juu zaidi, usiku, na kichupa cha zebaki mfukoni. Mto haujapona, umeficha tu mgonjwa. Halafu kuna jambo ambalo pale mezani hakuna aliyeligusa: zebaki ile mara nyingi anapewa kwa mkopo na mnunuzi, kwa masharti kwamba dhahabu amuuzie yeye, kwa bei ya mnunuzi. Ni mnyororo ule ule wa deni na sumu.

Kwa maoni yangu mlango upo. Mwaka 2019 serikali ilifungua masoko ya madini na kuwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwaka 2020 tukaridhia Mkataba wa Minamata. Basi soko lile lile linalopima dhahabu likopeshe chombo cha kunasia mvuke: chungu cha chuma chenye mfuniko wa kubana na bomba linalopozwa kwa maji, zebaki inarudi kwenye chupa badala ya mapafu. Na wafundishwe kusafisha mchanga mpaka mwisho, kisha kuyeyusha kwa boraksi, kama wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wanavyofanya miaka mingi bila zebaki. Njia hiyo imeshaonyeshwa hata hapa Tanzania. Iliishia kwenye maonyesho, na hapo ndipo sisi wasomi wa kubishana kwenye wali maharage tunapaswa kuona aibu.

Jana nilimpigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, shule inaendaje?"

Nikamweleza yote, hadi la jiko. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Na wewe ulikuwa unapepea, siyo?" Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi. "Hicho chungu kinauzwa bei gani?"

Nimeshaongea na fundi wa kuchomelea hapa karibu na geti, anataka mchoro kwanza, maana kikivuja hakina faida. Rafiki yangu wa uhandisi ananichorea. Bumu likitoka, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Mama ntilie atanisamehe.

Naomba kuwasilisha.