Mafundi dari wanasubiri masika

KIBARAZANI
Na Salma Kitwana

Mafundi dari wa Dar es Salaam hawana haja ya kutangaza biashara mwezi Aprili. Mvua ikipiga siku mbili mfululizo, jipsamu ya sebuleni inatoka doa la rangi ya chai, doa linatanuka usiku kucha, na kukicha baba mwenye nyumba amesimama chini yake, mikono kiunoni, anaapa kwamba bati limetoboka. Fundi anaitwa. Anapanda, anachungulia, anashuka. Bati zima kabisa. Kilichoziba ni gata.

Nayasema haya Februari, jua likiwa bado linachoma, kwa sababu huu ndio wakati wa kupanda juu kusafisha. Mvua za masika zikishaanza, fundi anayekubali kukanyaga bati lililolowa ama ni mgeni wa kazi ama ana dhiki kubwa, na wote wawili si watu wa kuwapandisha juu ya nyumba yako. Nafasi ya pili ni Septemba, kabla ya vuli. Mara mbili kwa mwaka inaitosha nyumba isiyo na mti. Yenye mwembe au mwarobaini uani iongeze.

Mvua ikinyesha, magazeti hukimbilia Jangwani kupiga picha, hili likiwamo. Ni haki, maana kule watu wanapoteza mali na roho. Ila kuna uharibifu mwingine ambao haupigwi picha, wa nyumba zilizo juu mlimani, Kimara, Goba, Mbezi, ambako mto haufiki na mwenye nyumba hana wa kumlaumu. Huko maji yanatoka juu ya paa lake mwenyewe.

Tatizo linaanza tangu siku ya kujenga. Tunajenga nyumba ionekane kutoka barabarani. Rangi ya bati inajadiliwa na ukoo mzima, shangazi wa Tanga anapigiwa simu atoe maoni yake, picha zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Namna maji yatakavyoondoka juu ya bati hilo anaachiwa fundi aamue mwishoni, kwa fedha iliyobaki, na kwa kawaida haikubaki.

Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la mita za mraba 150, si la tajiri. Mvua ya milimita 50, ambayo jiji hili linaweza kuipata kwa siku moja ya Aprili bila mtu kushangaa, itamwaga juu yake lita 7,500, yaani tangi la lita 5,000 lijae, kisha la pili lifike nusu. Kwa mwaka mzima Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000, kwa hiyo paa hilohilo linapokea lita 150,000 na ushee. Yote hayo tunayataka yapite kwenye mfereji wenye upana wa kiganja, halafu mfereji wenyewe tumeuachia majani.

Maji yakikosa njia ya mbele hurudi nyuma. Yanavuka ukingo wa gata upande wa ndani na kuingia kwenye fasha. Ubao unaloa, unavimba, rangi inachubuka. Mchwa, ambao hawana haraka na wanapenda mbao zenye unyevu, wanapata mlango. Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kwenye ncha za kenchi, na kenchi zikioza hiyo si habari ya dari tena. Yakimwagika upande wa nje, yanachimba mfereji kando ya msingi, yanarusha tope ukutani, na lipu inaanza kubanduka chini kabisa, pale ambapo watu husema ni chumvi ya mchanga. Mara nyingine kweli ni chumvi. Lakini penye udongo wa mfinyanzi ubaya unazidi, kwani udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na msingi ulioloweshwa upande mmoja tu haubaki ulivyokuwa. Ndipo unapotokea ule ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea kwenye lenta. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Tunaikariri vizuri sana.

Kwa jirani yangu, wiki iliyopita, nilisimama chini ya ngazi nikimwangalia kijana akifanya kazi hii. Alikuwa na mwiko wa lipu, ndoo iliyofungwa kamba, na mwenzake wa kushika ngazi. Ndoo ya kwanza ilishuka na tope jeusi laini, vumbi la kiangazi kizima lililochanganyika na majani ya mwarobaini. Ya pili ilishuka na majani ya mkungu, yale mapana mekundu, ambayo moja tu linatosha kuufunika mdomo wa bomba. Kisha vijiti na vipande vya waya wa kufungia nondo, mali ya kunguru wetu weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi wakaletwa Zanzibar katika karne ya 19 na tangu hapo hawajatuonea haya.

"Mama, njoo uone shamba lako," kijana akaniita.

"Si langu, baba. Mwenye shamba yuko ndani."

Alikuwa ameshika mche wa mwarobaini wenye urefu wa mkono, mizizi yake imejilaza na kuchukua umbo la gata sawasawa. Mwenye nyumba alipotoka, alicheka kwanza. Alipoonyeshwa fasha iliyokuwa nyuma ya mche huo aliacha kucheka, maana kijana aliuingiza mwiko kwenye ubao na ukazama bila kusukumwa.

Kilichonipendeza ni alichofanya baadaye, ambacho wengi hawakifanyi. Hakushuka kudai pesa yake. Aliligonga bomba la kushushia maji kwa mpini wa mwiko, kuanzia juu, akisikiliza, na lilipobadilika sauti kwenye kona akalifungua hapo na kutoa mpira wa tenisi. Halafu akamwaga ndoo ya maji upande wa mbali wa gata na kungoja. Maji yalisimama katikati. Kishikizo kimoja kilikuwa kimeng'oka na gata limelegea hapo. Akavuta uzi, akaweka pima maji, akalirudisha mpaka likapata mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita. Msomaji akumbuke kipimo hicho atakapokuwa na fundi wake, kwa kuwa gata lililonyooka kabisa, lile linalopendeza macho, halipeleki maji popote.

Maji yanayosimama hivyo yana hasara nyingine. Dar es Salaam ilipopata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019, tuliambiwa tutazame makopo, matairi na vyungu vya maua. Wachache walitazama juu. Mbu anayeieneza, Aedes, ndiye yule anayeuma mchana, naye hupenda maji yaliyotulia karibu na watu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka inaweza kuchukua wiki moja au kuzidi kidogo. Mayai yake hubandikwa ukingoni mwa chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua, ndiyo maana gata lisuguliwe kwa brashi. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi.

Sasa nije kwenye ugomvi nilio nao na wajenzi wa siku hizi, na najua nitapigiwa simu. Ni hizi nyumba za paa la kuficha. Ukuta unapandishwa juu pande zote, bati linalazwa ndani, gata la zege linapitishwa katikati au pembeni, na mtu wa barabarani anaona boksi safi jeupe. Nakiri zinapendeza. Lakini gata la nyumba ya kawaida likiziba, maji hufurika nje na unayaona ukiwa umekaa kibarazani. La kuficha likiziba, paa zima linakuwa karai, na karai hilo halina pa kumwagia ila ndani ya nyumba. Fundi anayejua kazi ataweka midomo mipana ya kutolea maji, zaidi ya mmoja, na atatoboa tundu la tahadhari ukutani, chini kidogo ya usawa ambao maji yangeanza kuingia, ili likitiririka ujue kuna kilichoziba. Atapaka dawa ya kuzuia maji na kukuambia mapema kwamba itahitaji kurudiwa. Na ataacha mahali pa kupandia. Nimeuliza swali hilo la mahali pa kupandia kwenye nyumba kadhaa zinazojengwa mtaani kwetu, nikajibiwa kwa kicheko.

Watu husema huu ndio usasa. Wazee wa mwambao walijenga mapaa bapa ya chokaa, Lamu, Mombasa na Unguja, kabla bati halijajulikana huku. Waliyatengeneza na michirizi iliyochomoza nje ya ukuta ili maji yadondoke mbali, na mchirizi usiotoa maji wakati wa mvua ulionekana na kila mpita njia. Walikuwa na sababu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukilishwa maji muda mrefu hulegea, na boriti za mikoko huozea ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Ukipita Mji Mkongwe leo wakati wa mvua utaona michirizi iliyozibwa, bati lililoachia, maji yakiteremka juu ya ukuta ule ule waliokuwa wakiukinga. Kwa hiyo tumeazima sura ya paa la wazee, mchirizi tukauacha.

Kuna na suala la jirani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, akielekea msikitini siku ya Ijumaa, alimwagikiwa na maji yenye damu ya vifaranga kutoka mchirizi wa nyumba ya Abbas, ami yake Mtume. Akaamuru mchirizi ung'olewe, akarudi kubadilisha nguo. Abbas alipomweleza kwamba aliyeuweka pale ni Mtume mwenyewe, Umar alimwapia apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake, na Abbas akafanya hivyo. Kwetu hapa bomba linaelekezwa kwenye uwanja wa mwenzako usiku, ukuta wake unaota ukungu, na kesi inaishia kwa mjumbe baada ya watu kusemana miezi sita.

Mwisho, wapangaji. Barua nyingi ninazopata kuhusu nyumba kuvuja zinatoka kwao, na zote zina swali moja: nani asafishe? Mpangaji anasema nyumba si yake. Mwenye nyumba anasema uchafu ni wa anayekaa. Dalali alishachukua chake akaondoka. Kwa maoni yangu jambo liko wazi. Gata ni sehemu ya paa, na paa ni mali ya mwenye nyumba, atakayekuwa nalo mpangaji akishahama. Alipe yeye. Mpangaji afungue geti, atoe taarifa akiona doa, na asitundike kamba ya nguo kwenye bomba. Iandikwe kwenye mkataba, mstari mmoja tu: gata litasafishwa Februari na Septemba kwa gharama ya mwenye nyumba. Gharama hiyo haifiki ya kubadilisha dari ya chumba kimoja.

Anayepanda apande na mtu wa kushika ngazi, na kabla ya kuiegemeza aangalie waya wa umeme unapoingilia, kwani nyumba zetu nyingi zimefungiwa waya huo palepale kwenye fasha. Ngazi ya chuma ikae mbali nao. Tope lishushwe kwa ndoo likamwagwe kwenye mgomba, kwa kuwa likisukumwa na maji kupitia bombani litaishia kwenye mtaro wa mtaa, na mtaro huo nao unaisubiri Aprili.