Kinga ya Kinywa na Meno: Taaluma Inayosubiri Vijana

Kila ifikapo Machi 20, dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na mengi kati ya hayo yanazuilika. Swali linaloikabili Tanzania ni nani atakayeifanya kazi hiyo ya kuzuia.

Wananchi wengi hufika kliniki maumivu yakiwa yamezidi, na huduma inayotolewa zaidi ni kung'oa jino. Mtaalamu mwenye foleni ya wagonjwa hao hubaki na muda mdogo wa kuondoa ugaga, kukagua fizi au kumwelekeza mzazi namna ya kumpigisha mtoto mswaki.

Pengo la aina hiyo ndilo lililomsukuma daktari wa meno Alfred Fones, wa Bridgeport nchini Marekani, kumfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa mwaka 1906. Mwaka 1913 alianzisha shule ya fani hiyo, na wahitimu wake wakafanya kazi katika shule za mji huo. Newman alipata leseni mwaka 1917, na kada inayotanguliza kinga ikawa imezaliwa.

Nchini Tanzania, kijana anayevutiwa na kazi hiyo anaweza kuanzia Stashahada ya Utabibu wa Kinywa na Meno, inayosomwa kwa miaka mitatu. Masomo ya sayansi, hususan Biolojia na Kemia, ndiyo msingi wake. Mafunzo hayo humwandaa kutibu na kukinga kwa pamoja. Hata hivyo, kituoni tiba huipokonya kinga muda, kwa kuwa mwenye maumivu hawezi kuambiwa asubiri.

Kwa sababu hiyo, kuongeza wahitimu pekee hakutoshi. Ratiba za vituo zinapaswa kutenga siku za kutembelea shule na kliniki za mama na mtoto, na vifaa vya kuondoa ugaga viwepo.

Magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na umri wa takriban miaka sita, anapoanza darasa la kwanza. Mtaalamu akimfikia wakati huo, ataokoa jino la kutumika maisha yote. Akichelewa, watakutana kwenye kiti cha kung'olea.