Kasa wa Malindi wategemea mitaro ya Kibera

WATALII wanaoabiri mashua kutoka Malindi na Watamu, wengine wakizuru kisiwa cha Sudi katika hori ya Mida, hurejea na simulizi zisizosahaulika. Wamewaona pomboo wakicheza mbele ya omo na kasa akiibuka kuvuta pumzi. Kati ya Julai na Oktoba, waliobahatika huwaona nyangumi waliotoka Antaktika kuja kuzaa katika maji yetu.

Ni wachache wanaojua kwamba usalama wa viumbe hao unaanzia mbali na bahari, kwenye mitaro ya Kambi Muru, mtaani Kibera.

Maji ya mvua yanayopita Kibera huingia Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953. Bwawa hilo, ambako watu walikuwa wakishindana kwa mashua za matanga, sasa limesongwa na magugu na taka. Kutoka hapo maji hufuata mkondo: Mto Nairobi, Athi, Galana, kisha Sabaki, unaomwaga maji Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Msimu wa kaskazi, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini hadi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa 1968.

Mto hauchagui mzigo. Pamoja na udongo wa mashamba, hubeba chupa na vipande vya plastiki. Kasa akivila, matumbo huziba na mnyama hufa kwa njaa.

Serikali haijakaa kimya. Ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumika mara moja ndani ya hifadhi. Lakini marufuku ya langoni haizuii kinacholetwa na mto. Mtalii hupokonywa chupa yake Malindi huku nyingine nyingi zikiwa njiani kutoka bara.

Kuwalaumu wakazi wa Kambi Muru hakutoshi. Mahali ambapo lori la taka haliwezi kupita baina ya nyumba, mtaro ndio jaa la pekee. Mpango wa ClimateWorX, ulioanza 2024, uliwaajiri vijana kusafisha mito ya Nairobi. Ni hatua njema, ila mto husafishwa leo ukachafuka kesho ikiwa taka hazikusanywi mlangoni.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka watengenezaji kuwajibikia taka za bidhaa zao. Itekelezwe kikamilifu, na fedha zitakazopatikana ziwalipe vijana wanaookota chupa Kibera kabla mvua haijazifikia.

Pwani inavuna fedha za watalii kwa sababu ya kasa na pomboo. Kijana anayezuia chupa isitumbukie mtoni Kambi Muru anawalinda wanyama hao sawa na askari wa hifadhi, naye astahili ujira wake.