Mwanga wa moyo Singida: leza au kibanio cha kidole?

Mkazi wa Mkalama akisikia kwamba siku hizi moyo unapimwa na kutibiwa kwa mwanga, ana haki ya kuuliza: mwanga huo utafika lini Nduguti? Jibu langu huenda likawaudhi wapenda mitambo mikubwa. Mwanga ambao Singida inauhitaji kwanza si leza. Ni kile kibanio kidogo cha kidole, oksimita, ambacho wengi walikijua wakati wa UVIKO-19.

Leza tuipe heshima yake kwanza. Leza ya eksima, yenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 308, iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa mishipa ya moyo. Mwanga hupita katika nyuzi nyembamba za kioo ndani ya katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa, ukafika palipoziba na kuvunjavunja uchafu mgumu ambao puto la kawaida limeshindwa kuutanua. Mwanga mwingine, usioonekana kwa macho, hutumika kupiga picha za ukuta wa mshipa kutoka ndani. Teknolojia hiyo, OCT, ilitangazwa mwaka 1991 na kundi la watafiti wa MIT, wakiwemo David Huang na James Fujimoto. Picha zake zinaonyesha kama stenti, kile kimrija cha wavu kinachoachwa ndani kushikilia mshipa wazi, imekaa sawasawa au imeachia upande mmoja.

Hata huko teknolojia hizi zinakotoka, matokeo yake hayaendi njia moja. Mwaka 2023 utafiti wa OCTOBER ulionyesha kuwa OCT inawasaidia wagonjwa ambao mshipa wao umeziba kwenye njia panda. Mwaka huohuo utafiti wa ILUMIEN IV ulikuta stenti zimetanuka vizuri zaidi, lakini matatizo ya mshipa uliotibiwa hayakupungua kwa kiwango cha kujivunia. Kuna kisa kingine ambacho kila mnunuzi wa vifaa vya hospitali angepaswa kukijua. Miaka ya 1990 madaktari walikuwa wakitoboa misuli ya moyo kwa leza ili damu ipate njia mpya. Wagonjwa walisema maumivu ya kifua yamepungua. Ndipo lilipofanyika jaribio la wagonjwa 298, ambapo baadhi yao walipitishwa katika hatua zote za tiba bila leza kuwashwa, nao hawakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: waliotobolewa na wasiotobolewa walipata nafuu ileile.

Kwa hiyo leza ibaki mahali penye mabingwa, maabara ya katheta na wagonjwa wa kutosha kuwafanya mabingwa hao wasisahau kazi. Kwa nchi yetu hapo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 700 kutoka Singida mjini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, takriban kilomita 240. Kuiomba iletwe hospitali ya mkoa, Mandewa, leo ni kuomba mtambo utakaofunikwa turubai.

Sasa tuje kwenye kibanio. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyegundua kanuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake mna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya infraredi. Damu yenye oksijeni huachia mwanga mwekundu upite na kumeza zaidi infraredi. Damu iliyopungukiwa hufanya kinyume chake. Kifaa husoma sehemu ya mwanga inayobadilika kila moyo unapopiga, kikatoa asilimia ya oksijeni na mapigo kwa dakika. Betri tu zinakitosha.

Thamani yake kubwa kwa moyo iko wodi ya wazazi. Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa, takriban 8 au 9 wana hitilafu ya moyo, na baadhi yao hitilafu hiyo itawaua ndani ya siku au wiki chache. Wengi wa hao huonekana wazima siku ya kwanza, wananyonya na kulia. Weka oksimita mkono wa kulia, kisha mguuni, mtoto akishatimiza saa 24. Kikisoma chini ya 90, au tofauti ya mkono na mguu ikizidi 3 na ikarudi hivyo kwa kurudiarudia, huyo ana la kuchunguzwa. Marekani iliweka kipimo hiki katika orodha yake ya vichanga vyote mwaka 2011. Mapitio ya tafiti 21 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta kinawanasa takriban watoto 76 kati ya 100 wenye hitilafu za hatari, na ni nadra kumsingizia mzima. Kwetu bado si desturi.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa oksimita huwadanganya zaidi watu weusi: kati ya waliosomwa asilimia 92 hadi 96, karibu 12 katika kila 100 walikuwa kweli chini ya 88, na kwa weupe hawakufika hata 4. Singida nayo iko juu, mita 1,500 hivi, na mipaka ya kipimo hiki iliwekwa zaidi kwa watoto wa maeneo ya chini. Basi tupime vichanga wetu wenyewe na kuona namba zao kabla ya kunakili jedwali la watu. Tena kibanio hakioni shinikizo la damu wala valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Hayo yanataka mashine ya presha na sindano za penisilini.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mtoto akigundulika Kiomboi, apelekwe wapi? Kumwambia mama moyo wa mwanawe una kasoro kisha kumwachia mzigo wa nauli ni ukatili. Kwa hiyo kipimo kisianze peke yake. Kianze pamoja na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hospitali ya mkoa, gari la wagonjwa lenye mafuta, na bima ya afya kwa wote iliyoahidiwa na sheria ya mwaka 2023. Upasuaji wa watoto wenyewe upo, Taasisi ya Jakaya Kikwete huufanya, wakati mwingine na wageni kama Save a Child's Heart ya Israel.

Madiwani wa halmashauri 7 za Singida, mkikaa kwenye bajeti, ulizeni kila zahanati inayozalisha ina oksimita yenye sensa ya kichanga au ya mtu mzima tu. Nawe mama unayejifungulia Itigi, Makiungu au Iambi, usiondoke kabla hujamuuliza muuguzi: mwanangu amepimwa oksijeni mkononi na mguuni?