Chupa ya kijani

Niko field hapa Chole, kisiwa cha Waislamu, bia ni mambo ya wageni. Jana Mholanzi mmoja anayesubiri mashua ya Utende kaniuliza atapata wapi fulana ya Kilimanjaro. Ile ile bia yetu! Nikamwambia kwetu campus boom likitoka, anayejiona anaagiza Heineken, nembo iwatazame mabinti. Wiki ya tatu anakopa chipsi. Jamaa alicheka mpaka akakohoa. Kwao Heineken, iliyoanza Amsterdam mwaka 1864, ni bia ya kawaida tu, ya baba yake akiangalia mpira. Kumbe tunalipia nauli ya meli! Na mimi wa Kili nilivyochekwa pale grosari... Nikirudi tutaongea vizuri.